Cherehani Iliyolala Kwetu

Nakuru,
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Baba yako hajambo, goti limepunguza kuuma tangu mvua ikatike. Mahindi ya nyuma ya nyumba yameshika vizuri mwaka huu. Mimi ni mzima.

Ujumbe wako wa Ijumaa niliusoma nikiwa kibandani, nikausoma tena usiku, na leo baada ya ibada nikaona haya si mambo ya kujibu kwa kidole kwenye simu. Nimepata daftari lako la kidato cha pili lililobaki na kurasa tupu. Ndilo ninaloandikia.

Umeniambia kuna mama pale Obunga, huko Kisumu, mteja wako wa mkopo, anayekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta. Alikopa shilingi 40,000, akalipa vizuri miezi mitano, sasa ni wiki sita hajaleta kitu kwa sababu mume wake amelazwa. Wenzake kikundini wamechoka kumlipia. Kwenye orodha ya vitu alivyoweka dhamana kuna karai lake kubwa, meko mawili na friji. Meneja wako anataka vitu hivyo vichukuliwe Jumanne, siku ya mkutano. Kisha ukaandika maneno ambayo nayanakili hapa nisije nikayajibu kombo: “Mama, pesa si zangu wala si za meneja. Ni za watu walioweka akiba. Nikimhurumia mmoja, si nitakuwa nawaibia mia? Kosa langu liko wapi nikifuata kanuni?”

Swali lako ni zito na nitalijibu. Lakini kuna swali jingine uliloniuliza ukiwa darasa la nne, nikakujibu uongo, na siwezi kulijibu hili kabla sijalirudia lile.

Unakumbuka kuna cherehani ililala kwetu usiku mmoja, pale sebuleni, imefunikwa leso? Pengine hukumbuki. Mimi nakumbuka hata rangi ya leso.

Mwaka 2006 tulikuwa wanawake 15 katika kikundi chetu cha mikopo. Tulikutana kila Alhamisi asubuhi kwenye veranda ya kanisa, kila mmoja na kitabu chake kidogo. Afisa wa kwanza tuliyeletewa alikuwa kijana mpole, alitufundisha wiki nane kabla hatujaona hata shilingi. Yeye ndiye aliyetusimulia habari za Muhammad Yunus, mwalimu wa uchumi kule Bangladesh, ambaye mwaka 1976 alitoa dola 27 mfukoni mwake akawakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra. Hakuwadai hati ya shamba wala mdhamini. Mwaka ule ule tunaofundishwa, 2006, Yunus na benki yake ya Grameen walipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, na afisa wetu akatuambia kama mtu anayetangaza ushindi wa ndugu yake. Tulipiga makofi. Nani aliwahi kutuambia kwamba neno letu peke yake linaweza kuwa dhamana? Hatukuwa na mashamba yenye hati. Tulikuwa na sisi wenyewe: mmoja akishindwa, 14 wanalipa.

Nisikufiche, mfumo ule ulinifaa. Karo yako ya msingi imetoka pale, na bati la nyumba hii. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina. Nilipenda sana msemo ule wa wazee, mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari langu lilikuwa safi kuliko la benki. Hata leo siamini mtu anayeendesha pesa za watu kichwani.

Mmoja wetu tulimwita Mama Cherehani. Jina lake halisi nitaliacha, kwa heshima yake. Alikuwa fundi wa sare za shule, ana kibanda chake karibu na soko na cherehani ya kukanyaga, Singer nyeusi yenye meza ya mbao, aliyoachiwa na mama yake. Novemba 2007 alichukua mkopo wa shilingi 20,000 akanunua vitambaa vya sare, kwa kuwa Januari ndiyo msimu wa fundi. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Ungekuwa wewe afisa wake ungempitisha bila kufikiria mara mbili.

Kilichofuata unakijua. Uchaguzi, kisha wiki ile ya mwisho ya Januari 2008 Nakuru ikawaka. Kibanda chake kiliteketea na vitambaa vyote, vingine vimeshakatwa vikingoja kushonwa. Akalala kwenye uwanja wa maonyesho na watoto wake, pamoja na maelfu ya watu. Cherehani ilipona tu kwa sababu alikuwa ameihamishia nyumbani Kaptembwo ili ashone usiku. Mambo yalipotulia kidogo alirudi pale chumbani, akawa anashona viraka na kufupisha suruali za watu. Kwenye daftari langu alikuwa amebakiza shilingi 9,300.

Alhamisi ya tarehe 28 Februari 2008 tulikuwa na mkutano kama kawaida. Yule afisa mpole alikuwa ameshahamishwa, tukaletewa mwingine. Akasema kikundi kisipolipa deni la yule mmoja, hakuna hata mmoja wetu atakayepata mkopo unaofuata. Mimi nilikuwa nangojea 30,000 za kununua mtumba mzima wa nguo za watoto, nilikuwa nimeshazipangia. Tukafungua orodha ya vitu alivyoweka dhamana. Kulikuwa na mzee wetu mmoja, bibi muuza sukuma, alisema, “Mwacheni na cherehani yake, atatushonea mpaka deni liishe.” Tukamwambia hajui mambo ya mikopo. Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono, na mimi nikanyoosha wangu.

Jioni ya siku hiyo hiyo redio ikatangaza kwamba Kibaki na Raila wametia sahihi mkataba, Kofi Annan akishuhudia. Majirani wakatoka nje wakipiga kelele za furaha. Nami nilitoka, nikakumbatiana na watu. Sikuunganisha mambo hayo mawili hata kidogo. Nchi nzima ilikuwa imekaa mezani kutafuta namna ya kusameheana damu, na mimi asubuhi yake nimepiga kura ya kumnyang'anya jirani kwa shilingi 9,300.

Jumanne iliyofuata tulikwenda wanne na mkokoteni wa kukodisha. Alikuwa ameketi anashona. Sketi ya shule, ya buluu, ilikuwa chini ya sindano, upande mmoja umeshonwa, upande mwingine bado. Hakubisha. Aliangalia daftari mkononi mwangu akajua. Akanigeukia mimi, kwa sababu kanisani tulikuwa tukikaa benchi moja, akaniambia, “Nimalizie mshono huu tu, mwenyewe anakuja kuichukua saa kumi.”

Mwenyekiti akasema mkokoteni unalipiwa kwa saa.

Mimi nilinyamaza. Mwanangu, kama kuna siku ningepewa kurudia maishani mwangu ni dakika ile. Mshono wa sketi unachukua muda gani? Akakata uzi kwa meno, akaikunja ile sketi, akaiweka kitandani. Tulipoanza kuvuta akatwambia, “Si hivyo, mtakata mkanda. Inueni kichwa kwanza.” Akatuonyesha skrubu za kulegeza. Alitusaidia kuibeba hadi mlangoni.

Ikalala kwetu kwa kuwa ndimi mweka hazina. Uliporudi kutoka shule ukaikuta, ukauliza, “Mama, hii cherehani ni ya nani?” Nikakuambia, “Ni ya kikundi.” Ukaweka kidole kwenye gurudumu ukalizungusha, nikakukemea mpaka ukalia. Hukujua kosa lako, na halikuwepo.

Siku ya pili tuliiuza kwa shilingi 3,500. Nikaandika kwa wino, cherehani moja, 3,500. Zilizobaki, 5,800, tulizilipa sisi 14 hata hivyo. Sasa fanya hesabu, wewe uliyesomea hesabu. Gawanya 3,500 kwa 14. Ni shilingi 250. Hicho ndicho alichookoa kila mmoja wetu. Tungemwachia cherehani, kila mmoja angeongeza shilingi 250 juu ya zile alizolipa, na angemdai yeye polepole, naye angelipa, maana alikuwa na mikono na chombo. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi sana, usiku hasa. Sijawahi kupata jibu lingine.

Hakumaliza miezi miwili hapa mjini. Niliwahi kusikia yuko Gilgil. Nilipanda matatu nikaenda, nikazunguka soko siku nzima nikiuliza fundi wa kike wa sare. Sikumpata.

Basi jibu la swali lako la darasa la nne ni hili: cherehani ile ilikuwa ya Mama Cherehani. Haikuwa ya kikundi. Kikundi hakijui kushona. Hakikulala uwanja wa maonyesho, hakina watoto wa kulisha. Kikundi hakikutembea mpaka Kaptembwo. Ni mimi niliyetembea, kwa miguu yangu hii, na mikono iliyobeba ni hii inayokuandikia.

Sasa nije kwa karai la Obunga.

Umesema unafuata kanuni. Kanuni ni kitu kizuri, na wanaozitunga si wapumbavu. Lakini angalia jinsi waliotutangulia walivyoziwekea mpaka. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inakataza mtu kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu atakuwa amechukua uhai wa mwenzake. Sura hiyo hiyo inamwambia mdai asiingie ndani ya nyumba kujichukulia, asimame nje, mwenye deni amletee mwenyewe. Na akiwa maskini aliyeweka vazi lake rehani, arudishiwe jua likitua apate la kulalia. Mdai hakuambiwa asamehe. Aliambiwa asimame mlangoni. Mimi sikusimama mlangoni. Majirani zetu Waislamu nao wana neno hilo katika Al-Baqara, aya ya 280: mdaiwa akiwa katika dhiki, angojewe mpaka apate wepesi.

Na usidhani ni mambo ya dini tu. Yule mzee wa kanisa letu aliyestaafu ukarani wa mahakama alinisomea Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, Sura ya 21 ya sheria za Kenya, kifungu cha 44. Mtu akishashindwa kesi, mahakama ikaagiza mali yake ikamatwe, kuna vitu haviguswi: nguo zake na za familia yake, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na zana anazohitaji kwa kazi yake. Mkulima anaachiwa mifugo yenye thamani ya shilingi 10,000 za kwanza. Nilimwomba anirudie pale penye zana za kazi. Akarudia. Nikamwomba tena. Hakuniuliza kwa nini.

Najua utaniambia kifungu hicho ni cha hukumu ya mahakama, na kwamba ninyi mna karatasi iliyotiwa sahihi, na kuna sheria ya mwaka 2017 inayoruhusu vitu vinavyohamishika kuwekwa dhamana. Ni kweli, na yule mzee aliniambia hivyo hivyo. Lakini hebu fikiri. Mahakama, yenye askari na rungu, ikishamaliza kusikiliza pande zote mbili, bado inamwachia mdaiwa sufuria yake na nyundo yake. Sisi tusio na askari tunamchukulia kwa sababu alitia sahihi siku aliyokuwa na shida ya pesa. Sahihi ile aliiweka nani? Mtu ambaye angetia sahihi chochote siku ile.

Karai lile ndilo jiwe lake la kusagia. Umenieleza mwenyewe jinsi biashara hiyo inavyokwenda: viwanda vinachukua minofu ya mbuta vinaisafirisha ng'ambo, mifupa na vichwa vinabaki, na kina mama wa Obunga wanakaanga hicho kilichobaki wanalisha mji. Mtu anayeishi kwa kilichoachwa na wenye nacho, ukimchukulia chombo cha kukaangia umemwachia nini cha kukulipia?

Lakini bado sijajibu lile la kuwaibia mia. Hapo ndipo uliponishika, na nimelala nalo siku mbili.

Mimi mwenyewe nina akiba kwenye sacco, unajua. Sitaki afisa wa kule aamke siku moja awasamehe watu kwa pesa zangu za uzeeni. Dawa ya deni ni kulipa, nilikulea hivyo na sijabadilika. Kuna mtu anayekopa akiwa hana nia ya kurudisha. Anahamisha friji usiku, anabadilisha laini ya simu, anawaacha wenzake wakilia. Huyo mfuate, wala usione haya. Na kuna aliyeshindwa. Shida ni kwamba kitabuni wote wawili wana alama moja. Wiki sita kwa mkaidi na wiki sita kwa aliyefiwa au aliyeuguza zinaandikwa kwa wino ule ule. Kitabu hakiwezi kuwatofautisha, na hakikuumbwa kuwatofautisha. Ndiyo maana wakaajiri mtu. Kama kazi ingekuwa kusoma alama tu, wangeacha kompyuta ikasoma.

Wale mia unaowaogopa kuwaibia, wakusanye kichwani mwako, usiwaache wakiwa namba. Mmoja ni mimi. Mwingine ni mwalimu, mwingine ana boda. Tuulize mmoja mmoja, uso kwa uso: je, unataka akiba yako ilindwe kwa kumchukulia mama huyu karai wakati mumewe yuko wodini, au angojewe miezi mitatu? Sijui mtu ninayemjua ambaye angesema chukueni. Lakini tuite “wanachama” au “taasisi”, tutachukua hata kitanda. Sisi 14 tulikuwa wanawake wema, mwanangu. Tulikuwa tukipikiana kwenye matanga. Mmoja wetu peke yake asingekwenda kumnyang'anya mwenzake mchana kweupe. Tulihitaji kuitwa kikundi kwanza.

Ulipotoka chuoni ulinieleza ya Andhra Pradesh, kule India, nami sijaisahau. Mikopo ile ile iliyoanza kwa dola 27 na kuaminiana, kufikia 2010 imekuwa biashara kubwa, kampuni moja imeshauza hisa zake sokoni, na watu wamekopeshwa huku na huku mpaka shingoni. Wakusanyaji wakawa wanawasimamia milangoni, wenzao wa kikundi wakiwaaibisha. Zikaja habari za wakopaji waliojiua, na Oktoba mwaka huo serikali ya jimbo ikaingilia kati kwa amri ya kuwadhibiti wakopeshaji. Baada ya hapo watu wengi wakaacha kulipa kabisa. Hata anayejali pesa peke yake alipaswa kuona hasara hiyo. Na hapa kwetu Benki Kuu ilibidi mwaka 2022 itoe kanuni za kuwazuia wakopeshaji wa simu kutukana wateja na kuwapigia jamaa zao ili kuwaaibisha. Fikiria watu waliokaa ofisini wakaona hilo ni wazo zuri, na kila mmoja wao ana mama.

Jambo hili halikuanza na mikopo. Nilipokuwa nikikuzaa, mama wa kitanda cha pili alikuwa amejifungua wiki tatu nyuma, lakini haruhusiwi kwenda nyumbani mpaka bili ilipwe. Mtoto wake alikuwa mzima, yeye mzima. Usiku walilala wawili wawili kwa kukosa nafasi. Mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa rehani. Muuguzi aliyekuwa akifunga mlango wa wodi ile alikuwa mcha Mungu, alituimbia. Katiba ya 2010 ikasema katika kifungu cha 28 kwamba kila mtu ana utu wake wa asili na una haki ya kuheshimiwa, na mwaka 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikaamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili hospitalini kwa sababu ya bili ni kukiuka haki zao. Nilipoisikia hukumu hiyo nilimfikiria yule muuguzi. Kila usiku alikuwa akizungusha ufunguo, na ufunguo haukuwa wake.

Yesu aliwaambia waliomlaumu kwa kuwa wanafunzi wake wenye njaa walivunja masuke siku ya sabato: sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya sabato. Nimelisikia neno hilo tangu shule ya Jumapili, lakini nililielewa kwa cherehani. Chama chetu kilifanyika kwa ajili ya kina mama 15. Siku tuliyomchukua mmoja wao tukamtoa sadaka ili chama kisimame, tulikuwa tumekigeuza kichwa chini. Na chama chenyewe hakikusimama. Baada ya mwaka mmoja na nusu tulikuwa tumebaki sita. Hakuna aliyemwamini mwenzake tena. Kila mtu alijua iko siku naye atakuja kufuatwa na mkokoteni.

Najua hofu yako haiko kwa Obunga tu. Una malengo ya kila mwezi, una kodi ya nyumba, na meneja hatazami machozi ya mtu, anatazama asilimia ya mikopo iliyochelewa. Naye ana wa kumtazama kutoka Nairobi. Simchukii, hata yule afisa wetu wa pili simchukii. Siku ile alikuwa akiangalia viatu vyake. Sikuambii utupe kazi. Nakuambia usikubali kuwa mikono isiyo na mwenyewe. Ukienda, ujue ni wewe uliyekwenda. Na usipokwenda, ujue pia ni wewe, ukasimame mbele ya meneja useme hivyo kwa jina lako.

Ninachokuomba ni hiki. Kesho jioni, kabla ya Jumanne, nenda kwake peke yako. Usibebe kitabu. Simama mlangoni, lakini si kama mgeni wa serikali, wala usiingie kukagua vitu, ngoja akukaribishe. Akikupa chai unywe. Muulize mume ana hali gani, yuko wodi gani, nani anabaki na watoto. Kisha muulize yeye mwenyewe, karai likibaki mekoni, ataweza kuleta kiasi gani kwa wiki. Kama ni 200, ni 200. Mtu akitaja namba kwa kinywa chake ni tofauti na namba ya kupangiwa. Ukiona ni mkaidi, macho yako yatakuambia, na hapo ufuate kanuni zako bila mimi kukulaumu.

Halafu Jumanne, kabla hawajafungua orodha, waambie wale wanawake wapige hesabu kwa sauti: karai lile likiuzwa litaleta ngapi, na gawanyeni kwa idadi yao. Waache waione hiyo namba. Sisi hakuna aliyetuambia tuipige mapema. Mpelekee meneja karatasi ya kupanga upya marejesho, uiandike vizuri, uweke tarehe na kiasi alichokubali mwenyewe. Wewe mwandiko wako ni mzuri tangu utotoni. Kama kuna kina mama wawili au watatu watakaokubali kumbebea wiki chache, andika na majina yao.

Na wakikuambia ni karai au kazi yako, nipigie simu kabla hujajibu. Chumba chako kipo, kitanda kipo, na kibandani kuna kazi ya watu wawili. Sijasema hivyo kwa wepesi. Najua nilichouza kukufikisha hapo. Baba yako amekaa hapa karibu ananisikia nikijisomea, anasema nikuandikie kwamba naye anasema hivyo hivyo.

Nimemtumia shangazi yako wa Kondele mahindi mabichi na maharagwe kidogo, zimo na zako. Pitia ukachukue. Ukienda Obunga usiende mikono mitupu, mgawie huyo mama, maana anayeuguza hapati muda wa soko.

Jumanne nitakuwa nyumbani mchana kutwa. Simu nitaiweka karibu.

Ni mimi mama yako.